Mkeka Hauna Nusu

Katikati ya Mbale upo mnara wa saa, na mgeni akielekezwa njia mjini, maelekezo mara nyingi huanzia hapo. Kijana mmoja niliyekuwa nikimfundisha kuandika programu aliamua kuichora saa hiyo kwenye kompyuta: duara, namba kumi na mbili, mishale miwili, na hesabu ya kuisogeza kila dakika. Alianza na saa tisa kamili. Mshale mrefu ulisimama wima, mfupi ukalala kuelekea kulia, na yote miwili ilikuwa safi kama iliyokatwa kwa wembe. Dakika moja ikapita. Mshale mrefu ukainama kidogo, na papo hapo ukageuka ngazi.

"Mwalimu, mbona umevunjika?"

Haukuvunjika. Dakika moja ni nyuzi 6, na kwa pembe hiyo mstari unapaswa kupanda pikseli (nukta za skrini) tisa na nusu hivi kwa kila pikseli moja unayosogea pembeni. Kwa kuwa pikseli haikatiki, mstari hupanda wima tisa au kumi, huruka pembeni moja, kisha hupanda tena. Mshale wenye urefu wa pikseli 100 hupata vidato kama kumi. Ukiinama nyuzi 45 vidato huwa vingi zaidi, lakini hufuatana sawasawa na jicho huvisamehe. Kinachouma ni mstari unaokaribia kunyooka bila kunyooka. Jicho la binadamu lina uhodari wa ajabu wa kugundua mistari miwili isiyolingana ncha kwa ncha. Hugundua mhamo mdogo mara kadhaa kuliko nafasi ndogo kabisa ambayo jicho hilohilo linaweza kuiona kati ya nukta mbili. Fundi mwashi anayelitazama tofali lililotoka nje ya mstari anatumia kipaji hichohicho.

Ningeweza kumwonyesha amri moja ya kuondoa ngazi zile na somo likaisha. Sikufanya hivyo. Nilimpa historia, kidogo kidogo, kila niliposafiri kutoka Jinja kwenda Mbale kupitia Iganga na barabara ya Tirinyi, kwa sababu kila njia tuliyo nayo leo ya kulainisha kingo ilizaliwa na dhiki fulani, na asiyeijua dhiki ile hutumia dawa asiyoujua ugonjwa wake.

Nilianza na mkeka. Mama zetu wa Busoga wanaosuka mikeka ya ukindu uliotiwa rangi wameishi na tatizo hili kabla ya kompyuta kufikiriwa. Ukindu ama una rangi ama hauna. Ukitaka mstari wa mshazari kwenye mkeka utapata vidato, hata uwe msusi hodari namna gani. Msusi mwenye akili hapigani na vidato. Huvipanga viwe pambo, akachagua pembe ambazo vidato vyake ni sawa, na ndiyo maana mikeka imejaa almasi na pembetatu, wala si miduara. Katika viwanda vya nguo vya miji hii miwili, Nytil ya Jinja na African Textile Mill ya Mbale, sheria ya ufumaji ilikuwa hiyohiyo: uzi upite juu au upite chini. Mkeka hauna nusu. Historia ninayoieleza ni ya watu waliogundua kwamba skrini, tofauti na mkeka, inayo nusu, na kwamba walichelewa kuitumia kwa sababu nusu ilikuwa ghali.

Mwaka 1962, miezi michache kabla ya bendera ya Uganda kupandishwa tarehe 9 Oktoba, Jack Bresenham alikuwa akifanya kazi katika maabara ya IBM huko San Jose, California. Kompyuta ya aina ya 1401 ilikuwa imeunganishwa na plota ya Calcomp, mashine inayochora kwa kalamu. Kalamu ile iliweza kwenda pande nane tu: juu, chini, kushoto, kulia na mishazari minne, kwa hatua ya sehemu moja ya mia ya inchi, yaani kama robo ya milimita. Swali lake lilikuwa: kama mstari unataka kwenda upande ambao si miongoni mwa hizo nane, hatua zipi zitaukaribia zaidi? Kuzidisha na kugawanya kulikula muda wa mashine. Bresenham akapata njia ya kutumia kujumlisha na kulinganisha namba kamili pekee. Anaweka hesabu ya kosa. Kila hatua kosa huongezeka kidogo, na likivuka mpaka, kalamu huruka upande na hesabu hurudishwa chini. Njia hiyo ilichapishwa mwaka 1965, na mpaka leo imo ndani ya mashine nyingi zinazochora, kukata na kuchapa.

Kijana wangu, bila kujua jina la Bresenham, alikuwa ameitumia njia yake, kwa kuwa maktaba ya programu aliyochukua ilikuwa nayo. Na Bresenham hakukosea popote. Alichagua ngazi bora kuliko ngazi zote zinazowezekana. Kwenye karatasi, kwa kalamu yenye unene wake na hatua za robo milimita, ngazi hizo hazikuwa shida kubwa. Zilikuja kuonekana pale njia hiyo ilipohamia kwenye kioo chenye nukta kubwa za mraba.

Hapo ndipo dhiki ya kumbukumbu inapoingia. Mwaka 1973, katika kituo cha utafiti cha Xerox huko Palo Alto, zilizaliwa mashine mbili za tabia tofauti. Moja ni Alto, kompyuta yenye skrini ya pikseli 606 kwa 808, kila pikseli ikiwa nyeupe au nyeusi. Skrini hiyo peke yake ilimeza kama kilobaiti 60 za kumbukumbu, katika kompyuta yenye kilobaiti 128 hivi. Nyingine ni SuperPaint ya Richard Shoup, iliyoipa kila pikseli biti 8, yaani ngazi 256 za thamani. Alto ilikuwa mkeka. SuperPaint ilikuwa na nusu, robo na sehemu ndogo zaidi, ila ilihitaji kumbukumbu mara nane kwa kila pikseli, na miaka ile kumbukumbu ilikuwa bei ya dhahabu. Watu hawakuwa vipofu wa ngazi. Walikosa fedha ya kijivu.

Jinja ya miaka hiyo ilikuwa na dhiki nyingine kabisa. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 za kuondoka Uganda, na mji uliokuwa umejengwa na wengi wao ukabaki na majengo ya Main Street yenye majina ya wenyewe na miaka ya ujenzi kwenye plasta, bila wenyewe. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo ikavunjika. Nautaja mwaka huo kwa sababu ndio mwaka ambao Franklin Crow, aliyekuwa amehitimu Chuo Kikuu cha Utah, alichapisha makala yaliyolipa tatizo letu maelezo yake kamili.

Crow alisema ngazi si kasoro ya uchoraji. Ni kasoro ya kuuliza. Programu ya zamani iliiuliza kila pikseli swali moja tu, tena katikati yake: je, hapa ndani ya umbo au nje? Jibu ni ndiyo au hapana. Nadharia ya mawasiliano, iliyokuwa tayari inafahamika tangu kazi ya Claude Shannon mwaka 1949, ilikwisha kuonya kwamba ukipima kitu kwa vipimo vichache kuliko mabadiliko yake, yale yaliyokuponyoka hayapotei. Hurudi yamejivika sura ya kitu kingine. Mtu akipiga video ya bodaboda inayokimbia, gurudumu huonekana kuzunguka kinyumenyume. Ni jamaa wa ngazi zile. Crow alionyesha kwamba ukoo huo una watoto wengine wabaya zaidi: vitu vidogo vinavyotoweka kabisa, na vitu virefu vyembamba vinavyokatikakatika kama nukta.

Dawa ni kubadilisha swali. Badala ya "ndani au nje?", uliza "umbo limefunika sehemu gani ya mraba huu?" Likifunika theluthi, uipe pikseli theluthi ya rangi ya umbo na theluthi mbili za rangi ya nyuma. Mwaka 1978 Edwin Catmull alionyesha namna ya kukokotoa eneo hilo kamili kwa kukata maumbo kwenye mipaka ya kila pikseli. Wengine walitumia njia ya nguvu: uliza lile swali la zamani mara 16 ndani ya kila pikseli, kwenye vitundu vinne kwa vinne, kisha hesabu ndiyo ngapi. Utapata ngazi 17 za kijivu, na gharama mara kumi na sita.

Nilimwambia yule kijana aandike njia hii ya pili kwa mkono wake, bila maktaba. Programu yake ikawa nzito, mshale ukawa unasogea kwa kusitasita. Lakini ukanyooka. Alinyamaza kwa muda, akaukaribia mpaka pua ikakaribia kugusa kioo, akaona kwamba hakuna mstari ulionyooka pale, kuna vijivu tu vilivyopangana. Akarudi nyuma, mstari ukarudi.

Tatizo lililofuata lilikuwa la kuunganisha picha juu ya picha. Ukingo uliolainishwa juu ya karatasi nyeupe umekwisha kuchanganywa na weupe. Ukiuhamishia juu ya anga la bluu unakuja na utando mweupe pembeni. Catmull na Alvy Ray Smith, wakiwa taasisi ya NYIT huko New York mwishoni mwa miaka ya 1970, waliamua kwamba kila pikseli ibebe namba ya nne mbali na nyekundu, kijani na bluu: namba ya kufunika, waliyoiita alfa. Mwaka 1984 Thomas Porter na Tom Duff wa Lucasfilm wakatoa hesabu kamili ya kuweka picha juu ya picha kwa kutumia alfa. Karibu kila programu ya kuchora unayoijua leo inatembea juu ya hesabu hiyo.

Ina udhaifu mmoja, na sisi tuliukuta kwenye bendera ya Uganda. Bendera hii, aliyoipendekeza Grace Ibingira, ina mistari sita ya kulala: nyeusi, njano, nyekundu, kisha tena nyeusi, njano, nyekundu. Kijana aliichora kwa urefu wa pikseli 100 kwenda juu. Mia ukigawa kwa sita unapata 16.67, kwa hiyo mpaka wa nyeusi na njano unaangukia ndani ya pikseli, si kwenye ukingo wake. Nyeusi inafunika theluthi mbili za pikseli hiyo. Inabaki theluthi moja ya weupe wa nyuma. Njano inakuja na theluthi yake, lakini hesabu ya alfa haijui kwamba njano inakwenda mahali pale hasa palipobaki wazi. Inadhani imesambaa juu ya vyote, hivyo inafunika theluthi tu ya ule weupe. Theluthi mbili za theluthi ni mbili kwa tisa: zaidi ya asilimia 22 ya weupe inapenya. Kati ya mistari ikatokea mifereji minne myepesi, kama bendera iliyoshonwa vibaya. Mpaka wa katikati tu ndio ulikuwa safi, kwa sababu nusu ya mia ni hamsini kamili.

Tuliutibu kwa namna ambayo mchoraji wa mabango angeifanya bila kufikiri. Paka nyeusi bendera nzima. Kisha paka njano kuanzia 16.67 mpaka chini kabisa, si mpaka wake tu. Kisha nyekundu kuanzia 33.33 mpaka chini, na kuendelea. Kila rangi inapanda juu ya rangi, hakuna weupe uliobaki wa kupenya.

Wachoraji wa mabango wanastahili nafasi yao katika simulizi hii. Kabla ya mashine za kuchapa banna kufika, maandishi ya maduka ya Jinja na Mbale yalikuwa kazi ya brashi na rangi ya mafuta, na mkono wa fundi ulikuwa na usafi wa ukingo ambao hauhitaji hesabu. Herufi ilikuwa mwendo, si nukta. Mtu aliyelirudisha wazo hilo ndani ya kompyuta ni John Warnock. Mwaka 1980 alichapisha makala kuhusu kuonyesha herufi kwa ngazi za kijivu, na mwaka 1982, pamoja na Charles Geschke, akaanzisha Adobe, kampuni iliyotoa PostScript mwaka 1984. Ndani ya PostScript herufi ni mchoro wa mistari na mikunjo, na nukta hutengenezwa mwishoni kabisa, kwa kiwango cha mashine itakayochapa.

Tofauti hiyo huonekana kila wiki ya harusi, kampeni na mahafali. Niliwahi kupeleka nembo ya shughuli yetu kwa mchapaji, nembo niliyoipata kwa simu baada ya kupita mikono mingi, pikseli 200 kwa upana. Bango lilikuwa la mita 3. Gawanya: kila pikseli ilipata milimita 15 za upana. Ngazi zake zilionekana kutoka ng'ambo ya barabara. Mchapaji, kwa nia njema, alijaribu kuilainisha, na akapata ukungu. Hakukuwa na dawa nyingine. Kulainisha kingo ni kusema ukweli kuhusu umbo unalolijua. Likishapotea umbo zikabaki nukta, kompyuta haina cha kusemea ukweli. Tangu siku hiyo naomba nembo katika vekta, yaani mchoro wa mistari na mikunjo, na nisipoipata naketi naichora upya.

Mwaka 1991 Xiaolin Wu alitoa njia nyepesi ya mistari myembamba, na sijui njia nyingine ya kufundishia yenye uzuri kama huo. Tembea kwenye mstari safu kwa safu. Ukikuta kimo chake hapo ni 3.3, mwangaza wote wa safu hiyo gawanya kwa pikseli mbili zilizo jirani: ya tatu ipewe asilimia 70, ya nne ipewe 30. Sehemu ya desimali ndiyo rangi. Bresenham aliitupa desimali ile, Wu akaipaka. Kijana aliiandika kwa mistari ya programu isiyofika arobaini, na mshale wa saa ukaacha kusitasita.

Desemba 1998 lugha ya Java ilipata zana zake mpya za uchoraji wa pande mbili, zenye ulainishaji tayari, lakini umezimwa mpaka mwandishi auwashe kwa amri. Vijana wetu wengi waliojifunza Java vyuoni hawakuambiwa amri hiyo, wakaamini kwamba ngazi ni maumbile ya Java. Novemba mwaka huohuo Microsoft ilitangaza ClearType, iliyotumia vijiti vitatu vya nyekundu, kijani na bluu ndani ya kila pikseli ya kioo bapa kama pikseli tatu za upana. Na mwaka huohuo MTN ilianza huduma Uganda. Simu zilizofuata mikononi mwa watu, kama Nokia 3310 ya mwaka 2000, zilikuwa na skrini ya pikseli 84 kwa 48, nyeusi au hakuna. Skrini ambayo watu wetu wengi waliimiliki kwanza ilikuwa mkeka. Wachoraji wa alama zake walifanya alichofanya msusi: walichagua pembe zinazosameheka na kupanga nukta moja moja kwa mkono.

Vivinjari vya leo hulainisha bila kuombwa, na hilo huzaa fumbo lake. Kijana alichora mstari wima wa unene wa pikseli moja mahali pa namba 50, akapata mstari wa kijivu wa pikseli mbili. Namba kamili kwenye kanvasi ya kivinjari ni mpaka kati ya pikseli, si katikati yake, hivyo mstari uliopangwa pale unaifunika nusu pikseli ya kushoto na nusu ya kulia. Akisogeza hadi 50.5 unakuwa mweusi na mwembamba.

Kazi yake ya mwisho ilikuwa daraja la Jinja, lile lililofunguliwa tarehe 17 Oktoba 2018 juu ya Nile, lenye urefu wa mita 525 na nyaya za chuma zinazoshuka kutoka kwenye nguzo mbili ndefu. Nilimchagulia kwa makusudi. Kwenye skrini ya pikseli 1,000 kila pikseli ni zaidi kidogo ya nusu mita. Waya wenye unene wa sentimita 15, tuseme, haufiki theluthi ya pikseli. Kwa swali la ndani au nje, nyaya zilikatikakatika kuwa nukta, kama Crow alivyoeleza. Kwa swali la kiasi gani, zilirudi zote, kijivu hafifu zisizokatika, na pale zinapokusanyika juu ya nguzo zilikoza zenyewe.

Akataka daraja la usiku, nyaya nyeupe juu ya anga jeusi. Akageuza rangi, na nyaya zikawa kama shanga: nukta angavu, kisha pengo hafifu, kisha nukta angavu. Alikagua hesabu yake ya kufunika mara tatu, ilikuwa sahihi. Kosa lilikuwa katika maana ya namba. Kwenye skrini ya kawaida thamani ya 127 kati ya 255 haitoi nusu ya mwanga. Hutoa kama theluthi mbili za theluthi, sehemu moja ya tano na ushei. Nusu halisi ya mwanga iko karibu na 188. Mchana, mistari myeusi juu ya weupe ilinenepa kidogo tu na hakuna aliyelalamika. Usiku kosa hilohilo lilizinyima nyaya mwanga katikati ya kila hatua.

Tuliandika vipande viwili vifupi vya programu, kimoja cha kugeuza thamani kuwa mwanga kabla ya kuchanganya, kingine cha kuurudisha mwanga kuwa thamani. Umeme ulikatika kabla hatujaijaribu. Uliporudi ilikuwa saa mbili usiku, na nyaya zote zilishuka kutoka nguzoni hadi barabarani bila shanga hata moja.